Projekta Iliyotaka Giza

Nianze na mtoto, maana kila anayesimulia jambo hili anaanza na mashine.

Mwanangu alizaliwa na kifua kibovu. Hajaanza kutambaa, kalazwa kwa nimonia. Ameanza kusimama dede, kalazwa tena. Siku ya kuruhusiwa daktari aliongea na mimi kama mtu aliyechoka kurudia maneno yaleyale: moshi usimkaribie, chumba anachokaa kiwe na pa kupitisha hewa hata baridi iwe kali namna gani, na ukisikia kikohozi chake kimekatika ghafla usikimbilie kushukuru, nenda kamwangalie. Nikayashika. Nilijifunza kupika, kufua na kupiga soga na watu huku sikio moja liko kwa mtoto. Kikohozi chake kilikuwa kidogo na kikavu, kama mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto, na nikikisikia nilikuwa natulia. Akikohoa, yupo.

Hayo ndiyo yalikuwa mambo yangu. Mambo ya mume wangu yalikuwa ukutani.

Mume wangu alikuwa karani kwenye shirika la umma lililopata mwekezaji. Tuliposikia mwekezaji amekuja tulifurahi, wajinga sisi. Mwekezaji akawaangalia makarani, akasema wamezidi. Wakapewa kiinua mgongo, wakashikwa mikono, wakarudi nyumbani. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, maduka ya Tukuyu mjini yamejaa vitu ambavyo sisi tukiwa wadogo tuliviona kwenye kalenda tu: redio za spika mbili, friji, televisheni za rangi, saa za ukutani zinazoimba. Watu walikuwa wananunua kama vile kesho maduka yanafungwa. Na waliopunguzwa kazini ndio walionunua kuliko wote.

Mwenzangu hakutaka friji. Alitaka sinema ya sebuleni.

Sababu yake haikuwa ya kipuuzi, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ingekuwa ya kipuuzi ningeikatalia mlangoni. Mama yake alifariki muda mfupi baada ya harusi yetu, na mahali pekee alipobaki akitembea na kucheka ni kwenye mkanda wa video wa harusi hiyo. Baba yake amebaki kule Ikuti na migomba yake, na macho yanaziba. Mume wangu alimleta kwetu Ibighi aje amwone mkewe kwenye televisheni yetu ndogo. Mzee akasogeza kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Huyo hapo, baba, mwenye kitenge cha njano."

"Mbona mnanionyesha sisimizi?"

Sikumwona akisema. Nilimsikia, kwa sababu nilikuwa nyuma ya mlango wa uani. Mimi na baba mkwe hatuonani. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtu na baba wa mumewe hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hata njiani nikimwona anakuja naingia porini mpaka apite. Tunaita kutila, ndiyo heshima yenyewe. Mjini wengi wameilegeza, kuna wakwe siku hizi wanapakuliwa ugali na wake za watoto wao na wanaushukuru. Wa kwangu hapana. Mzee wa kanisa, anakwenda kwenye ibada kila Jumapili, lakini akiingia nyumbani kwangu mimi natokea uani, na chakula chake kinapelekwa na wifi yangu, dada wa mume wangu, anayekaa jirani. Sikuwa na ugomvi na jambo hilo. Nilikulia humo. Mtu anaweza kuishi na ukuta usioonekana miaka mingi bila kuugonga, mpaka siku mtoto wake awe upande wa pili.

Basi mzee akarudi Ikuti, na mume wangu akaniambia, "Nitamweka mama ukutani. Mkubwa kama alivyokuwa."

Tulikwenda Mbeya kutafuta projekta, mtoto mgongoni. Kwenye duka moja la vitu vya mtumba kule Mwanjelwa tulikuta mbili, zote zilizotoka maofisini huko ng'ambo. Moja ilikuwa ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja. Ya pili ilikuwa kubwa na nzito kama sanduku la bibi harusi, na bei yake ni nusu ya ile ndogo. Nikajiuliza hapohapo: tangu lini kikubwa kikawa rahisi kuliko kidogo bila sababu?

Muuzaji akatuingiza stoo, akafunga mlango, akashusha blanketi mlangoni. Akawasha ile kubwa. Jamani, ilipendeza. Ukuta wote ulijaa watu. Mume wangu akashika mkono wangu gizani kama wakati wa uchumba.

"Umeona?" muuzaji akasema. "Hii ni jumba la sinema kabisa. Lenzi yake pana, hata sebule ndogo inajaza ukuta. Ile ndogo mpaka uisogeze mbali, na picha yenyewe inaishia kama shuka la kitanda cha mtoto."

"Fungua mlango," nikasema.

"Shemeji, ukifungua mlango picha haionekani."

"Ndiyo maana nataka ufungue."

Akacheka, akamwangalia mume wangu. "Bosi, shemeji ni fundi?"

"Amesoma fizikia," mume wangu akasema, na sikujua ananisifu au ananisimanga.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka fomu foo," nikamjibu mwenyewe. "Fungua mlango."

Akafungua. Mwanga wa mchana ukaingia, na wale watu wote ukutani wakayeyuka. Kilibaki kivuli cha kijivu kikichezacheza kama mtu anayetapatapa chini ya maji. Nikamwambia awashe ile ndogo, mlango ukiwa wazi hivyohivyo. Picha ikawa ndogo kweli, na rangi imefifia kidogo, lakini nyuso zilikuwepo. Ungeweza kumtambua mama yako.

Nikauliza habari za globu. Muuzaji alikiri, kwa kuzungukazunguka, kwamba ya ile kubwa imeshatumika sana ndiyo maana mwanga umepungua. Mpya haipatikani Mbeya, inaagizwa Dar, na Dar nao wanaagiza. Nikamwambia anionyeshe inavyotolewa. Akafungua kifuniko cha ubavuni, akalegeza skrubu mbili, akaivuta na mshikio wake. "Usiguse kioo kwa kidole," akanionya. Mume wangu akasema, "Sasa hiyo utaifanyia nini, mama?" Nikasema sijui. Sikujua kweli.

Tulibishana pale nje ya duka, mtoto anakohoa mgongoni, mimi nikisema hivi: picha za mkanda wa video hazina haja ya ukubwa, ukizivuta sana zinachakaa kama kitambaa, chenye maana kwa mzee asiyeona vizuri ni mwanga, si upana, na kama hatuna fedha ya ile ndogo basi tusubiri, mama yako ndani ya mkanda haendi popote. Na la mwisho nikalisema polepole ili aelewe. Mashine dhaifu itataka giza. Giza kwenye nyumba yetu maana yake ni kuziba madirisha, na hayo madirisha ndiyo kifua cha mtoto.

"Tutaziba siku ya kuangalia tu," akasema. "Kisha tunazibua."

"Na siku hiyo mtoto?"

"Mtoto atakuwa na wewe jikoni. Kwani nani anampeleka mtoto sinema?"

Akanunua ile kubwa. Mkubwa kama alivyokuwa, ndivyo alivyokuwa akirudia njia nzima, na gari lilipopita kwenye mashimo alikuwa anaishika mashine kwa mikono miwili, mimi namshika mtoto.

Nyumba yetu ilianza kufa taratibu, na mimi naiangalia. Kwanza dari. Mvua ya Tukuyu ikipiga bati huwezi kumsikia mtu anayekuita ukiwa naye mlango mmoja, kwa hiyo akaweka dari la mbao laini, na juu yake akatandaza matabaka ya majani makavu ya migomba ili kelele zisipenye. Kazi safi, sikatai. Kisha matundu ya hewa yale ya juu ya madirisha, akayaziba kwa magunia, maana mwanga ulikuwa unapenya hapo kama misumari. Kisha madirisha yenyewe. Alikwenda kwa jamaa yake mwenye kitalu cha miche ya chai, akarudi na nailoni nyeusi, ile nene ya vitaluni, akaigongea kwenye fremu kwa mbao nyembamba na misumari.

"Ulisema utazibua," nikamwambia.

"Nikizibua kila siku nailoni itachanika. Baba akishaangalia, nazitoa zote."

Sebule ikawa na harufu ya chini ya gunia. Ukutani, nyuma ya kochi, ukungu wa kijani ulianza kuota. Kikohozi cha mtoto kikaongezeka, nikahamisha mkeka wake jikoni kwangu, lile banda la uani, nikawa nafungua mlango wake na dirisha na kumfunika nguo juu ya nguo. Wifi akanicheka. "Wifi, mtoto huyu umemfanya yai. Sisi tumelelewa ndani ya moshi wa kuni, hebu niangalie, nimepungukiwa nini?" Nikamwambia amepungukiwa adabu. Akacheka zaidi. Wifi ni mtu mwema. Watu wote kwenye habari hii ni wema, ndiyo maana nina hasira nao.

Jumapili aliyokuja mzee ilikuwa mwishoni mwa masika, baridi ya kipupwe imeshaanza kung'ata. Walitoka kanisani wakaja moja kwa moja. Nilisikia fimbo yake barazani, nikajivuta jikoni na mtoto wangu. Wali na kuku nilishapika, wifi akapeleka. Baadaye mume wangu akaja uani, amevaa shati lake la harusi, uso unang'aa.

"Baba anamtaka mjukuu wake."

"Tulikubaliana."

"Nimwambieje? Mkwe wako kakatalia mtoto? Anataka ampakate mapajani wamwangalie bibi yake. Kidogo tu, mama. Hamna moshi ndani, hamna kitu."

"Hamna jiko?"

"Jiko la nini?"

Kama mzee angekuwa mtu mwingine yeyote ningeingia mwenyewe, nikae sakafuni karibu na mwanangu, nione kwa macho yangu. Sikuweza. Kumpelekea maneno ya kumkatalia nayo sikuweza bila kupitia midomo ya watu wawili. Mume wangu akamchukua mtoto. Nilimsikia akikohoa mpaka mlango ulipofungwa, na baada ya kufungwa nikawa namsikia bado, kwa mbali, kupitia ukuta. Nikaanza kuosha vyombo.

Ndani wakaanza. Ngoma ya harusi yangu, vigelegele, sauti ya mshereheshaji. Kisha sauti ya marehemu mama mkwe akimwita mtu aje apige picha, sauti yake kabisa, nene, yenye kicheko ndani. Halafu nikamsikia mzee akiusalimia ukuta.

"Ugonile," akasema, taratibu, kama wanavyosalimiana wazee wetu asubuhi. "Ugonile, mama."

Mvua ikaanza. Ilikuja kwa mpigo kama inavyokuja huku, mlima Rungwe ukafutika, uani pakawa mto. Bati la jikoni kwangu halikuwa na dari. Sikusikia tena ngoma wala vigelegele. Kikohozi nacho sikukisikia.

Wifi akaingia mbio, kajifunika sinia kichwani.

"Yaani mambo ya humo ndani, wifi! Mama anatembea ukutani mpaka miguu inagusa sakafu. Mzee analia, anacheka, analia."

"Mtoto?"

"Yuko kwa babu yake, katulia."

"Anakohoa?"

"Hata! Joto limemsaidia."

Nikaacha sufuria. "Joto gani?"

"Si nimewapelekea jiko? Mzee alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nimeliwashia barazani, nikampa kaka akaliingiza." Akaona uso wangu. "We, usinikodolee hivyo. Mkaa ulikuwa umeshika wote, mwekundu, hauna hata moshi! Mimi mjinga wa kuwapelekea moshi?"

Hapo ndipo penyewe. Hivyo ndivyo tunavyojua sote huku: kibaya ni moshi. Jiko likitoa moshi linakaa nje, mkaa ukishika unaingiza ndani, familia inaota moto, nyumba ngapi zinafanya hivyo kila kipupwe. Na nyumba zetu zinatusamehe, maana zina nyufa, zina matundu, mlango hauzibi vizuri. Nyumba yangu haikuwa na ufa hata mmoja. Mume wangu aliuziba kila ufa kwa mkono wake ili mashine ya bei nafuu ionyeshe. Mwalimu wetu wa kemia aliwahi kutuambia mkaa unaowaka pasipo hewa ya kutosha unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu bila kumwamsha. Tuliandika kwa ajili ya mtihani.

Nilikimbilia mlango wa sebule. Nikagonga. "Fungua!"

Sauti ya mume wangu ilitoka nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Usifungue... mwanga. Mama anakuja kucheza sasa."

"Nipe mtoto!"

"Baba yumo humu, wewe. Toka mlangoni."

Nikamgeukia wifi. Yeye ni binti wa mzee, anaingia anapotaka. "Nenda kaniletee mwanangu." Akajipenyeza, akafunga nyuma yake haraka, kama alivyofundishwa. Nilisimama pale kwenye mvua nikisubiri. Alipotoka alikuwa mikono mitupu, ameshika paji la uso.

"Amelala," akasema. "Kalala vizuri tu mapajani, nimeona dhambi kumwamsha. Uwii, kichwa changu kinagonga, humo ndani kuna joto la ajabu."

Mwanangu halali kwenye ngoma. Mwanangu mlango ukilia anaamka. Nikasukuma mlango nikaingia.

Kilichonipokea kwanza ni mama mkwe. Alikuwa ukuta mzima, amenigeukia, amenyoosha mikono akicheza, na miguu yake kweli ilikuwa inagusa sakafu. Mbele yake jiko jekundu, na juu ya ule moto mtu alikuwa ameongeza mkaa mbichi. Mume wangu amekaa chini kando ya mashine, macho wazi, hanyanyuki. Mzee yuko kwenye kochi, kidevu kifuani. Na mapajani kwake mwanangu, kichwa kimening'inia, midomo ina rangi ambayo sitaiandika.

Nilimshika mzee mikono yote miwili nikaibandua kutoka kwa mwanangu. Nasema wazi kwa sababu ndicho walichoniuliza baadaye, je, ulimgusa? Nilimgusa. Nilimwangalia usoni pia, mara ya kwanza maishani mwangu. Ana kovu juu ya jicho na amefanana na mume wangu kuliko nilivyodhani. Nikamrushia wifi mtoto mlangoni, "Mpeleke hewani! Mfunue kifua!" Nikarudi. Nikaishika nailoni kwa kucha nikaivuta, misumari ikaruka, mwanga ukaingia na mama mkwe akapotea. Nikachukua mchi uani, nikavunja kioo cha dirisha. Nikamshika baba mkwe wangu kwapani, mgongo wake dhidi ya kifua changu, nikamburuta mpaka barazani, mzito kama gunia la viazi, na khanga yangu ilinivuka nikaiacha njiani. Mume wangu alitambaa mwenyewe, akatapika kwenye ngazi.

Mtoto alikuwa mikononi mwa wifi, mvua inampiga usoni, wifi analia anaita jina la Yesu. Nilimchukua. Sijui nilifanya nini, nilimpulizia, nilimpiga mgongoni, nilimtukana. Kisha akavunja kijiti. Kimoja. Halafu kingine. Akatapika maziwa yote juu yangu, akalia.

Hospitali waliwalaza wote watatu wale, mimi nimekaa kati ya vitanda. Nesi akauliza, "Mlikuwa mnaota jiko, milango imefungwa?" bila kushangaa, akaandika. Mzee aliwekewa pazia ili asinione.

Mungu alitaka wakapona. Mtoto naye anatembea, anacheka. Lakini alikuwa ameshaanza kusema maneno kadhaa kabla ya siku ile, "maji", "baba", "nataka", na baada ya pale alinyamaza. Wanasema watoto huwa hivyo, ataongea tu. Nangoja. Nikimwita wakati mwingine ananiangalia kama mtu anayesikiliza kitu kingine.

Sasa sikilizeni walichokaa kikao kukijadili. Hawakuzungumzia mkaa. Dari hawakulitaja, wala nailoni, wala ile mashine. Wazee kutoka Ikuti walijaa barazani kwangu, mimi nikiwa uani kama kawaida, wakajadili kwamba mke wa mtoto wao aliingia kwa mkwe wake, alimtazama na kumkumbatia akiwa hana khanga. Mmoja alisema ule uzito uliowalaza mle ndani ulikuwa ni marehemu, kaitwa na hakupenda. Mwingine akasema uzito ulikuwa wangu, nilikuwa nimeshaivunja heshima moyoni kabla ya kuivunja mlangoni. Wakaamua niende Ikuti kuomba radhi. Mume wangu akaja kuniambia.

"Nenda tu, mama. Ni jambo dogo, tuyamalize."

"Niombe radhi kwa lipi?"

"Unajua kwa lipi."

"Nataka ulitaje."

Akageuka, akaondoka. Siku zilipita, siendi. Kisha nikamwona siku moja mchana, amepanda kwenye kiti, mdomoni ameng'ata misumari, anarudisha nailoni mpya kwenye dirisha nililolivunja.

"Baba hakumwona mama akicheza," akasema bila kugeuka. "Ilikuwa ndiyo inaanza. Macho yanazidi. Safari hii jiko halitaingia, nakuapia."

Mtu aliyeniuliza kwanza jiko la nini ndiye huyu sasa anaapa. Nilimwangalia mgongo. Nilimpenda, na niliona wazi kabisa, kama ninavyoona mkono wangu, kwamba nyumba ile itamuua mwanangu kwa upole, kila mtu akiwa na nia njema.

Alipokwenda kuazima ngazi, nilifungua kile kifuniko cha ubavuni mwa mashine. Skrubu mbili. Sikugusa kioo kwa kidole. Nikaifunga globu kwenye nepi, nikaiweka katikati ya nguo za mtoto, nikapanda gari la Kinyala kwa mama yangu, na huko ndiko niliko.

Mashine bila globu ni feni tu, inavuma na haionyeshi kitu. Wamekuja mara kadhaa. Kwanza wifi, amebeba ndizi. Alikaa, akambeba mtoto, akakwepa kuniangalia.

"Wifi, rudisha. Mzee anazidi kuziba. Anamuulizia mama kila siku kama mtu aliyeahidiwa mgeni."

"Nitarudisha," nikamwambia. "Peleka maneno yangu kama yalivyo. Irudishwe Mbeya ile mashine, wachukue ile ndogo. Nitauza migomba yangu na cherehani yangu kuongezea. Nailoni itoke, magunia yatoke, madirisha yawe wazi. Mama ataonekana mdogo lakini ataonekana. Na mimi nitakaa mle sebuleni, kwenye kiti, mwanangu mapajani kwangu, toka mwanzo wa mkanda mpaka mwisho."

Wifi alinitazama kama nimevua nguo. "Ukae na baba? Chumba kimoja?"

"Chumba kimoja. Mchana. Anione nikimwona."

"Hawatakubali, wifi. Unajua hawatakubali."

"Basi nipe jibu lao."

Jibu halijaja. Mume wangu hupita Kinyala, anasimama njiani, anamsalimia mama yangu, anamwangalia mtoto, anaondoka. Nasikia mzee sasa anaongozwa kwa fimbo mpaka shambani kwake mwenyewe. Nasikia nailoni bado iko dirishani, na sebule imeota ukungu mpaka darini. Wangeweza kumaliza jambo hili Jumapili moja. Wanaona afadhali awe kipofu, amkose mkewe kabisa, kuliko akae akimwangalia huku mimi nipo kwenye kiti.

Globu iko kwenye nepi, chini ya mto wa mtoto hapana, nimeiweka juu, kwenye kenchi ya paa, asiifikie. Hapa kwa mama jiko linakaa nje. Mama alijaribu kuliingiza wiki iliyopita, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, akasema, "Umeshika wote huo, hauna moshi." Nililipiga teke likamwagika uwanjani, na mama yangu hajaongea na mimi tangu hapo.

Ninaandika haya mlango ukiwa wazi, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Mtoto yuko nyuma yangu kwenye mkeka. Ameacha kukohoa muda kidogo. Nageuka.